Uji wa dagaa wenye mchanga na uchungu: jinsi tulivyoutatua

Mtoto wa miezi 7 alikuwa anatema kila kijiko chenye dagaa. Wengi husema hapendi samaki. Kumbe shida ilikuwa mchanga na uchungu.

Dagaa wengi wanaouzwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huanikwa juu ya mchanga. Uchungu hutoka kwenye vichwa na matumbo, na huzidi wakiungua. Ukiwapata walioanikwa kwenye chanja, yaani kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi, wachukue hata kama bei yao ni ya juu.

Toa vichwa na matumbo. Loweka dagaa kwenye maji ya vuguvugu dakika 5, kisha waopoe kwa mkono. Usimwage maji wakiwa ndani, maana mchanga uliotuama utawarudia. Rudia mara tatu, au mpaka chini ya beseni pasiwe na chembe. Anika, kaanga bila mafuta kwa moto mdogo mpaka wavunjike kwa vidole, twanga, chekecha kwa chujio la chai. Hifadhi kwenye chupa kavu yenye kifuniko.

Usianze na uji. Ponda kiazi lishe cha rangi ya chungwa kilichochemshwa, lainisha kwa maziwa ya mama, changanya robo kijiko cha chai cha unga wa dagaa. Kikimiminika kutoka kijikoni, ni chepesi mno. Chumvi na sukari, hapana. Siku tatu bila vipele wala kutapika, ongeza hadi kijiko kizima.

Unga wa lishe wa nafaka kumi? Ukimdhuru, hutajua kipi kilichomdhuru.