Mradi wa Tosca Tatu: Inayumba Kaseti au Linayumba Koo?

Hali ya kazi wiki hii: vipande vyote vitatu vimekatwa. Viwili vimeshasikilizwa na kuandikiwa maoni, cha tatu kimerudi mezani kwa sababu ya kaseti.

Kwa anayeanza kufuatilia leo, rekodi zinazolinganishwa zote ni za Tosca, opera ya Puccini. Ya kwanza ilirekodiwa La Scala, Milano, Agosti 1953: okestra inaongozwa na Victor de Sabata, wanaimba Maria Callas (Tosca), Giuseppe di Stefano (Cavaradossi, mpenzi wake) na Tito Gobbi (Scarpia, mkuu wa polisi). Ya pili ni ya Vienna, 1962, chini ya Herbert von Karajan, na ndani yake mna Leontyne Price (Tosca), Giuseppe Taddei (Scarpia), na Di Stefano yuleyule. Ya tatu ni ya Paris, Desemba 1964, chini ya Georges Prêtre: Callas na Gobbi wamerudi, safari hii pamoja na Carlo Bergonzi (Cavaradossi). Zimechaguliwa kwa jinsi zilivyofungamana. Di Stefano anasikika akiwa na miaka 32, kisha 41. Callas 29, kisha 41. Gobbi 39, kisha 51. Wapenzi wa taarabu wa Mombasa wanaijua raha ya kuziweka pamoja kaseti mbili za mwimbaji mmoja, ya ujanani na ya ukubwani, zenye wimbo uleule.

Ya 1953 iliyopo hapa ni ya kaseti, mbili nyingine ni CD. Hapo ndipo kazi yote ilipo.

Kaseti ya pwani huanza kwa ukaguzi wa macho. Ukiona ungaunga mweupe pembezoni mwa ukanda, ni kuvu. Usiicheze: kuvu itahamia kwenye mashine na kutoka hapo iingie kaseti nyingine zote. Msimu wa masika kaseti zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, sio kabatini kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe unaotoa jasho. Kichwa cha mashine kisafishwe kwa spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa kijiti cha pamba, mpaka pamba itoke nyeupe. Kirola cha mpira, kile kinachobana na kuvuta ukanda, kisipakwe spiriti, kinakauka na kuwa kigumu. Maji yenye sabuni kidogo yanatosha, kisha kikauke kabisa.

Baada ya hapo ni kasi. Aria ya "Vissi d'arte", wimbo wa Tosca peke yake, inaishia kwenye noti ya E bemoli, na ile iliyo juu kidogo ya C ya katikati inapaswa kusomeka karibu na hezi 311 kwenye programu ya Audacity. Kaseti yetu ilisoma 317, yaani inakimbia kwa asilimia 2 hivi. Asilimia 2 inasikika: Callas anageuka msichana na de Sabata anakuwa na haraka. Rekebisha kwa amri ya kubadili kasi, sio ya kubadili kimo cha sauti peke yake, kwa sababu kilichokosewa ni vyote viwili, muda na kimo. Usipime kwa kengele za Te Deum, wimbo wa kanisani unaofunga tendo la kwanza. Mlio wa kengele una tabaka nyingi zisizolingana, utapotea.

Sasa tatizo lililosimamisha kipande cha tatu. Katika tendo la tatu Tosca anamsimulia Cavaradossi jinsi alivyomuua Scarpia, na kwenye neno "lama" sauti inaruka hadi C ya juu, kisha inaporomoka oktava mbili. Ni mahali pazuri pa kupimia miaka 11 ya Callas. Lakini kwenye kaseti noti ile ilikuwa inayumba, na rekodi ya 1953 haijulikani kwa kuyumba. Namna ya kutofautisha ni hii: tazama picha ya masafa. Mtetemo wa kawaida wa mwimbaji ni mara 5 hadi 7 kwa sekunde. Koo lililochoka hutetemeka polepole zaidi na kwa upana zaidi. Kirola kibovu huyumbisha kila kitu, mara moja au mbili kwa sekunde, okestra ikiwemo. Hapa fidla zilikuwa zikipanda na kushuka pamoja na Callas, kwa hiyo koo halina kosa. Kirola kinabadilishwa.

Kuhusu ukubwa wa sauti, kosa kubwa ni kulinganisha rekodi kama zilivyo. Iliyo juu kwa desibeli 1 tu huonekana "ina uhai zaidi", na hukumu imeshaharibika. Za stereo zigeuzwe mono (njia moja ya sauti) kwanza, ndipo zipimwe, kwa sababu kuchanganya njia mbili kunainua waimbaji walio katikati. Tofauti isizidi desibeli 0.2. Shusha iliyo juu, usipandishe iliyo chini, la sivyo mizinga ya Te Deum itapasuka. Kisha mtu mwingine azipe faili majina A, B na C, ili msikilizaji asijue ipi ni ipi.

Kusikiliza ni baada ya isha, hedifoni za kufunika masikio, feni imezimwa. Feni inameza sauti laini zote. Kwa joto la hapa hiyo ni dakika 40, halafu pumziko.

Yaliyoamuliwa: kwenye "E lucevan le stelle", aria ya Cavaradossi, Di Stefano wa 1953 anapanda bila kusukuma, ilhali wa 1962 msukumo unasikika na juu pamekauka. Lakini kwenye maneno "disciogliea dai veli", pale anapoiachia sauti ififie, bado ana ustadi wa kusimamisha pumzi. Kwenye Te Deum, mono ya Milano inasonga kwaya, kengele na mizinga mahali pamoja. Vienna ina nafasi na kina hata ikigeuzwa mono. Pamoja na hayo Gobbi wa 1953 anashinda. Taddei ana sauti ya mviringo na nzuri zaidi, ila Gobbi anayatafuna maneno, na hofu inatoka kwenye maneno.

Kirola kipya kikishafungwa, upande wa pili wa kaseti utarekodiwa upya wote, sio "lama" peke yake, na kasi ipimwe tena mwanzo na mwisho wa upande.