Dramu za Woodland, na sisi mashabiki wagumu

Bado tunagombana juu ya dramu za Woodland, albamu ya wawili tuliozoea kuwasikia na magitaa yao tu. Albamu ilitoka tarehe 23 Agosti 2024, mwezi wa pili 2025 ikachukua Grammy ya albamu bora ya foki (folk), watu wakapiga makofi wakaenda zao, lakini kwenye kale kagrupu ketu ka watu wa kantri bado kuna mtu anaamka asubuhi kabla hata ya chai anaandika "lakini dramu zilikuwa za nini jamani". Na kuna mwingine lazima amjibu. Alafu siku imeharibika.

Nazungumzia Gillian Welch na David Rawlings. Kwa wale hawawajui, hawa ni wawili walikutana wakisomea muziki Berklee pale Boston, wakahamia Nashville, mji wa kantri wenyewe, mwaka wa 1992, na tangu albamu ya kwanza ya 1996 wamekuwa wakiandika pamoja na kuimba pamoja, mara nyingi magitaa mawili na sauti mbili, basi. Hakuna taa nyingi hakuna wachezaji wa densi hakuna nini. Yule mwanaume ana gitaa dogo la Epiphone la 1935 ambalo analipiga kama mtu anayetafuta funguo gizani, vidole vinapanda juu kabisa mahali unaona wazi sasa amepotea, hii noti si yake, ataanguka, alafu kabla hujamaliza kukunja uso amesharudi nyumbani na wimbo unaendelea kana kwamba hakuna kitu kimetokea. Mwanamke anashikilia ridhimu chini, hana haraka, hata nyumba ikishika moto nadhani hataongeza spidi.

Sisi Wakenya kantri si kitu cha kuletewa juzi, uliza mzee yeyote Nakuru ama Nyeri kuhusu Jim Reeves na Kenny Rogers atakuimbia beti zote, hata wale jamaa wa mugithi na gitaa moja klabuni usiku wakichoka kidogo wanapitia huko kabla hawajarudi. Lakini hawa wawili ni kantri ya aina nyingine, ya zamani zaidi, ya milimani, na haikuja na redio ya Jumapili. Nilimwekea ankoli wangu, yeye ni mtu wa Don Williams kabisa kabisa, akasikiza kama dakika mbili hivi akaniangalia.

"Sasa hawa wamefiwa na nani?"

"Hapana ankoli, ndio venye wanaimba."

"Haya, pole kwao. Weka Don."

Nikaweka Don, utafanya nini, ni mkubwa.

Sasa rudi kwa dramu. Wimbo wa kwanza wa Woodland unaanza na besi iko na dramu ziko, si kubwa, si za kelele, lakini ziko, na wa pili una fidla nyingi zimelala nyuma kama blanketi na anayeongoza kuimba ni David, kwa sauti ya juu nyembamba hadi wengi wakasema huyu ni Neil Young, yule mwimbaji wa Kanada. Kwa shabiki aliyengoja nyimbo mpya zao wawili tangu 2011 hiyo ilikuwa kama kufika kwa shangazi ukute ameuza ng'ombe wote amenunua pikipiki. Watu waliumia kweli, msicheke. Ile albamu ya 2011, The Harrow & The Harvest, hakuna mtu mwingine ndani isipokuwa wao wawili, na ile ya 2001, Time (The Revelator), mimi naona ndio kilele, ina wimbo wa mwisho unakaribia dakika 15 na hauchoshi. Ukizoea kukaa na watu wawili chumbani miaka yote hiyo, mlango ukifunguliwa wakaingia wengine na vyombo vyao unahisi baridi.

Lakini hapo ndipo mimi huanza kubishana, juu watu wanaongea kana kwamba ni mara ya kwanza. 2003 walitoa Soul Journey, ina dramu na gitaa la umeme na vitu vimeachwa vimelegea makusudi, na mashabiki walilia vilevile, maneno yaleyale, wameharibika, wameuza, turudishieni wawili wetu. Leo hao hao wanaitaja Soul Journey kwa heshima, eti klasiki. Miaka ishirini imetosha dramu kusamehewa. Kwa hivyo mkianza sasa kusamehe Woodland mtamaliza karibu 2044, si mbali.

Na kuna hili jambo la hesabu ambalo linanikera kuliko dramu. Mtu anasema, miaka 13 tumengoja, nyimbo 10 tu? Anagawanya kabisa, chini ya wimbo mmoja kwa mwaka, kama anakagua mkulima wa majani chai. Hiyo hesabu ni ya uongo. Katikati hapo kuna albamu za 2015 na 2017 zilizotoka kwa jina la David na Gillian yuko ndani anaimba. Kuna 2020, kila mtu amefungiwa nyumbani, wakarekodi sebuleni nyimbo za watu wengine na za kale, ikachukua Grammy pia. Na kuna zile nyimbo 48 za zamani zilizokuwa zimekaa kwenye kanda, wakazitoa mwaka huohuo kwa mafungu matatu. Arobaini na nane! Sasa ni nini tena mnataka, mwataka waje wawaimbie jikoni?

Zile kanda zina hadithi yake na nadhani bila hiyo hadithi huwezi kuelewa kwa nini Woodland inasikika ilivyo. Woodland ni jina la studio yao, East Nashville, jengo la zamani ambapo wengine walirekodi mambo makubwa kabla yao, mle ndimo bendi ya Nitty Gritty Dirt Band walikusanya wazee wa kantri mwaka wa 1971 wakatengeneza albamu ya Will the Circle Be Unbroken. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2020 kimbunga kikapita Nashville, kikang'oa paa la studio, na mvua ikaanza kuingia. Hawa wawili wakaingia gizani wakibeba kanda, magitaa, mashine, kila kitu walichokirekodi maisha yao, wakihamisha kutoka upande unaovuja. Wakaokoa. Baadaye ndio wakaona hizi kanda tulizozibeba kwa mikono usiku ule, kwani tunazificha za nini, zitoke. Alafu miaka ikaenda kwa kujenga.

Mtu ambaye amekaa miaka akirudisha jengo, siku ya kurekodi akiita mpiga besi na wapiga fidla waje wakae ndani, mimi sioni usaliti hapo. Naona mtu anataka kusikia chumba chake kikiwa kimejaa. Ndio maana ikaitwa jina la studio, si jina la wimbo. Hii nimeisema kwenye grupu mara nyingi na jibu huwa ni "lakini dramu". Sawa.

Kuna lalamiko lingine la chini chini, watu hawalisemi wazi, kwamba David anaimba sana. Zamani albamu za hawa zilitoka kwa jina la Gillian Welch peke yake na watu wengi walidhani yule jamaa wa gitaa ni wa kusindikiza, ingawa wenyewe walishasema zamani hizo kwamba Gillian Welch ni jina la bendi ya watu wawili. Sasa hii imeandikwa majina yote mawili mbele, nyimbo zao wenyewe, na jamaa anashika maikrofoni, na ghafla kuna mashabiki wanaona kama ameingilia. Ameingilia wapi? Sauti yake imekuwa hapo tangu 1996, umeisikiza ukidhani ni ya mwanamke. Harmoni zao zimebanana hivyo, mara nyingine ukijaribu kufuata ya chini peke yake unajikuta uko kwa ya juu bila kujua ulipanda saa ngapi.

Na wimbo ulionishika zaidi anaongoza yeye. Unaitwa Hashtag, najua, jina ni baya, nilipoliona nikaogopa nikadhani wazee wameamua kuwa vijana. Kumbe ni wa kumkumbuka Guy Clark, mwandishi wa nyimbo wa Texas aliyewashika mkono walipokuwa wadogo, aliyefariki 2016. Na unasema kitu ambacho kila mtu wa kantri huku kwetu anakijua bila kuambiwa, kwamba wanamuziki wa aina hii jina lao linavuma siku wamekufa tu. Nilikumbuka Septemba 2017 Don Williams alipoondoka, na Machi 2020 Kenny Rogers, redio zilivyoamka zote pamoja, watu wakiweka picha, wengine hata hawakujua yule mzee alikuwa bado hai. Wanamuziki wetu wa zilizopendwa nao hali ni hiyohiyo ama mbaya zaidi, akiwa hai anapanda jukwaani akithubutu kuanza wimbo mpya watu wanarudi mezani kumalizia nyama, wanangoja ule wa mwaka wa sabini na kitu. Akifa ndio tunamwita gwiji.

Kwa hivyo wimbo kama huo ukiimbwa na watu wawili wanaokaribia miaka sitini, na fidla nyuma, mimi nilinyamaza. Hata yule wa dramu kwenye grupu alikubali hiyo ni kali. Aliongeza kwamba ingekuwa kali zaidi bila fidla, lakini alikubali.

Sasa mimi niko upande gani? Woodland si bora kuliko ya 2001, tusidanganyane, hakuna kitu chao kinafikia ile. Kuna nyimbo mbili tatu katikati napita nikifikiria mambo mengine. Lakini ndio ninayoiweka zaidi siku hizi, nikiwa kwa foleni Thika Road ama nikipiga pasi, juu ile ya 2001 inadai ukae chini utulie na hii inakubali uwe binadamu na shughuli zako. Na ile ya kumalizia, Howdy Howdy, hao wawili tu na banjo, fupi, wanaimbiana wao kwa wao. Waliolia dramu wote walipofika hapo wakasema afadhali. Wangeanza nayo pengine tusingekuwa na huu ugomvi wote.

Kama hujawahi kuwasikia na umefika hadi hapa, usianze na Woodland. Anza na Time (The Revelator), usiku, tumia earphone kama unazo, usiruke wimbo hata mmoja, ule mrefu wa mwisho uache uende. Alafu nenda Soul Journey. Woodland iweke ya tatu. Alafu uje uniambie dramu zimekusumbua wapi, dakika ya ngapi, niende nikasikize tena.