Sumu ya pareto huundwa nusu kwa nusu

Mtu akipita Molo, Elburgon au Mau Narok, katika kaunti ya Nakuru nchini Kenya, msimu wa maua, huenda akadhani kwamba nguvu ya pareto imo katika petali zile nyeupe zinazomvuta macho. Sivyo. Ukilipasua ua kwa ukucha, chini ya kitovu chake cha manjano utakuta vijitunda vyembamba vyenye mifuo, kila kimoja kikibeba mbegu yake, na humo ndimo ilimo karibu yote ya pirethrini, sumu yake ya kuua wadudu. Mkulima wa huku analijua jambo hili kwa mfuko wake, kwa kuwa maua makavu hulipiwa kwa kadiri ya pirethrini, ambayo kwa kawaida ni asilimia 1 hadi 2 tu ya uzito.

Jeni za kutengeneza sumu hiyo zimo katika kila seli ya mmea, tangu mizizi hadi petali, lakini si kila seli huzisoma kwa kiwango kimoja. Molekuli ya pirethrini ina nusu mbili, asidi na alkoholi. Asidi huanza kuundwa na kimeng'enya (protini inayochochea mmenyuko wa kikemia) kiitwacho CDS, ambacho jeni yake husomwa hasa katika vinyweleo vya tezi vilivyo juu ya vijitunda. Kisha asidi hiyo huhamia katika seli za ganda la kijitunda, ambako kimeng'enya kingine, GLIP, huiunganisha na alkoholi. Kwa kuwa asidi ni za aina 2 na alkoholi za aina 3, hupatikana pirethrini 6.

Nusu ya alkoholi ndiyo inayonistaajabisha zaidi, kwa sababu chimbuko lake ni asidi ya jasmoni, homoni ileile ambayo mimea mingi huitumia kupiga mbiu kiwavi anapoanza kuitafuna. Katika hali ya utulivu, protini ziitwazo JAZ huishikilia protini MYC2 na kuizuia isiziwashe jeni za kinga. Jani likijeruhiwa, homoni huongezeka, JAZ huvunjwavunjwa, na MYC2 iliyoachiliwa hujishikiza kwenye vipande maalumu vya DNA vilivyo jirani na jeni hizo. Katika pareto, miongoni mwa jeni zinazoamshwa hivyo imo ya GLIP, na imo pia ya AOC, kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza asidi ya jasmoni yenyewe. Kwa hiyo mbiu hujiongezea sauti, na sehemu yake huishia kuwa silaha.

Mpangilio huu unaeleza kwa nini si rahisi kuihamishia sumu hii katika zao jingine. Mwaka 2018 watafiti walifanikiwa kuifanya nyanya itengeneze asidi katika matunda yake. Ilikuwa kazi nzuri, lakini ni nusu moja tu. Kwa mkulima wa Nakuru, njia ya karibu zaidi ya kupata pirethrini nyingi ni ya zamani: pareto haijichavushi yenyewe, hivyo miche ya mbegu hutofautiana sana kijeni, ilhali vipando vilivyopatikana kwa kugawa shina la mmea wenye pirethrini nyingi hubeba jeni zilezile za mama yao.