Gigabaiti 61 zisizo na jina

Nimerudi kutoka Ngamiani saa nne usiku, vidole vyeusi kwa wino wa printa. Kompyuta ya duka la fotokopi ilizimika umeme ulipokatika mchana, na ilipowaka, disiki ya kazi za wateja ikaleta hitilafu. Nikaichomoa, nikaichomeka kwenye laptopu yangu, nikaifungua kwa kusoma tu ili ninakili kwanza.

Amri ya du, inayojumlisha faili zenye majina, ikahesabu gigabaiti 48. Ile ya df, inayoonyesha nafasi iliyoshikwa kwenye disiki nzima, ikasema zimetumika 109.

"Si ulifuta asubuhi, mwanangu?" Mama mwenye duka akauliza.

Nilifuta, faili la logi (kumbukumbu za programu) lililovimba. Ila programu ya kuchapisha ilikuwa bado imelishika, na mimi kwa haraka zangu sikuizima. Kufuta faili ni kufuta jina. Nafasi hairudi mpaka wa mwisho aliyelishika aliachie: mpangaji kakatwa jina daftarini, godoro lake bado limo chumbani.

Ext4, mfumo unaopanga faili ndani ya disiki hii, huwaandika wapangaji wa namna hii kwenye orodha ya mayatima. Umeme ukikatika, disiki ikifunguliwa tena, huipitia orodha na kurudisha nafasi. Hata ukiifungua kwa kusoma tu, hujiruhusu kuandika kidogo, ikafagia, ikajifunga tena. (Hili sikulijua hadi leo, na miaka yote najiita fundi.) Lakini disiki ikiwa na alama ya hitilafu, hairudishi hata bloku moja, yaani kipande kimoja cha nafasi.

Nikakasirika. Nikaiamuru ianze kuandika hapo hapo. Ikagoma: kuna mayatima hawajashughulikiwa, ifunge kwanza uifungue upya. Nilikuwa karibu kufanya hivyo, nikasita. Ukiifungua kwa kuandika huku alama ingali ipo, orodha yenyewe hufutwa, na nafasi haijarudi.

Nikaona iko sahihi kuliko mimi. Ramani ya bloku ikiwa haiaminiki, ukimtoa mpangaji unaweza kutupa nje vyombo vya jirani. Na jirani hapa ni vyeti vya kuzaliwa vya watu.

Nakala zilipokamilika nikaifunga, nikaendesha e2fsck, programu ya kukagua na kurekebisha disiki. Ikaikagua disiki nzima, ikasahihisha ramani ya bloku na hesabu zake. df: 48.

"Kwa hiyo lilikuwamo muda wote?"

"Lilikuwamo, Mama."

"Basi hukufuta," akasema, akanikatia nusu ya chungwa la Muheza.