Jicho kwenye sahani ya halua

Simu ya shangazi iliingia kabla ya adhana ya alfajiri. Ilikuwa Ijumaa moja ya Mei 2016, mwezi wa Shaabani, wakati Tanga nzima inakimbizana kufunga ndoa kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama. Hakungoja hata nimwamkie.

"Sahani yako imepasuka," akasema. "Hakuna aliyeigusa. Saa nane za usiku, ta! Kama mtu aliyevunja kuni. Njoo uitazame mwenyewe."

Sahani hiyo nilikuwa nimeipeleka kwake Ngamiani siku ya Jumatatu, nimeifunga kwenye khanga mbili kama mtoto mchanga. Ilikuwa ya kuwekea halua siku ya harusi ya binti yake, Jumapili. Upana wake sentimita 38, kioo cheupe nilichokiyeyusha mwenyewe, na kuizunguka nimepanga maduara saba ya kijani ya vipande vya chupa. Alipoipokea aliniuliza swali moja tu: hizo chupa za kijani si za pombe? Nikamwapia kuwa ni za soda, nilizioshea uani kwangu kwa mikono yangu. Akaridhika, akaiweka juu ya kabati la vyombo, na kwa siku tatu kila mgeni aliyeingia alioneshwa.

Nilivaa, nikapanda baiskeli. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha usiku kucha na barabara zote zilikuwa madimbwi. Njiani nilikuwa na jibu tayari: umeme. Siku niliyoichoma ile sahani umeme ulikatika mara tatu, na fundi akiwa na kitu cha kulaumu huwa hatafuti cha pili.

Nieleze kidogo nilivyofika hapo. Tanuri langu lilikuwa dogo, la umeme, nililonunua kwa mtu aliyekuwa akichomea vyungu. Nyaya zake za moto zilikuwa ubavuni pande zote, nalo hilo ni tatizo kwa kioo, kwa sababu kingo hupata joto kabla ya katikati. Tanuri la vioo hasa hutakiwa liwake kutoka juu, kwenye mfuniko. Dawa yake ni subira: nilipandisha joto nyuzi 100 kwa saa, si zaidi. Kazi yenyewe niliifundishwa kwa wiki tatu na mzee mmoja wa Nairobi, mtu wa maneno machache, ambaye somo la siku ya kwanza lilikuwa kupaka dawa ya bamba. Kioo kikiyeyuka hushika kila kinachokigusa, kwa hiyo bamba la tanuri hupakwa uji mwepesi wa kaolini, ule udongo mweupe, na alumina, unga mweupe usioyeyuka kwa moto wa tanuri, tabaka tano kwa brashi laini, kila tabaka ukibadilisha upande wa kupitisha mkono. Alumina niliagiza Nairobi. Kaolini ilikuwa ya Pugu, pale karibu na Dar es Salaam, nyeupe kama unga wa sembe.

Nilianza na shanga. Niliiga wanavyofanya Wakrobo wa Ghana: wanatwanga chupa kwenye kinu mpaka ziwe unga, wanaujaza unga kwenye kalibu za udongo zilizopakwa kaolini, na katikati ya kila kishimo wanasimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Kikonyo kinaungua ndani ya tanuri, tundu la kupitishia uzi linabaki. Mtu aliyebuni jambo hilo nampa heshima zote, maana mihogo tunayo uani na hakuna kati yetu aliyewahi kukiangalia kikonyo akaona tundu la ushanga. Baada ya shanga nikaingia kwenye vidani na vipuli. Hapo ndipo nilipoharibika. Nilichanganya chupa yoyote na kioo chochote: kijani na kahawia, dirisha na mtungi wa achari. Vyote vilishikana, havikupasuka, nikauza. Mzee wa Nairobi alikuwa ameniambia, "Chupa moja, kazi moja," nami nikaandika kwenye daftari, lakini mwaka mzima wa vidani ulinifundisha kuwa mzee alikuwa anatia chumvi.

Kwa hiyo shangazi alipoagiza sahani sikuwa na wasiwasi. Nilinunua kipande cha kioo cha dirisha cha milimita 3, nikakata miduara miwili kutoka kipande hichohicho. Kukata duara ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Unachovya kisu chenye gurudumu katika mafuta ya taa, unakizungusha mara moja tu bila kurudia, na ukisikia kile kisauti kama kitambaa kinachochanwa, umepata. Kisha unakipindua kioo, unabonyeza kwa kidole gumba kufuata mstari, na ufa unatembea wenyewe. Ukirudia mstari ule mara ya pili umeharibu kisu na umeharibu kioo.

Mbili mara tatu ni sita, na sita ina maana yake. Kioo kilichoyeyuka kikiachwa kwenye bamba hupenda unene wa karibu milimita 6. Ukiweka tabaka moja la 3, kingo zitajikunja kuingia ndani na pengine katikati patoboke. Ukiweka manne, kioo kitatambaa kwenda nje. Juu ya miduara hiyo nikapanga vipande vya chupa. Nikapuliza maji ya boraksi niliyoomba kwa sonara, ili uso wa kioo usiote ukungu ule wa chengachenga unaokuja kikikaa muda mrefu kwenye joto kali. Nikapandisha mpaka 650, nikasubiri nusu saa ili hewa iliyofungika kati ya matabaka itoke, kisha 830 kwa dakika kumi. Kesho yake nikakiweka kioo juu ya kalibu, sahani ya udongo ya chungu cha maua niliyoitoboa matundu mawili chini kwa ajili ya hewa, nikakichoma tena kwa joto la chini zaidi, nyuzi 700 hivi, kikalala taratibu ndani ya kalibu kama shuka juu ya godoro lililobonyea. Umeme ulikatika katika moto wa kwanza, wakati joto likiwa bado linapanda. Kumbuka hilo.

Nilipofika kwa shangazi nyumba ilinuka ubani. Wanawake watano walikuwa wamekaa mkekani, na mmoja wao, jirani mtu mzima, alikuwa akimalizia Yasini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Kaa kitako, mwanangu."

Vipande walikuwa wamevifunika kwa kitambaa cheupe, na hakuna aliyetaka kukifunua. Jirani akafunga msahafu, akasema bila kumtazama mtu: sahani imeangaliwa sana. Watu waliingia, wakaitazama, wakasema "nzuri, nzuri" bila kusema mashaallah. Shangazi hakujibu, lakini nilimwona anahesabu kichwani nani aliingia siku gani. Hapo nikaelewa kwamba hili si la sahani tena. Kabla ya adhuhuri wangempata mtu, na mtu huyo angekuwa ndugu.

Nikafunua kitambaa. Kioo kilichopasuka kinasomeka. Kitu cha kwanza ni kukishika ukingo wa ufa. Ukiwa umeviringika, laini kama mdomo wa bilauri, basi kilipasuka wakati joto linapanda na moto ukapata nafasi ya kuulainisha. Ukiwa mkali wa kukata, kilipasuka joto likishuka au baada ya hapo. Huu ulikuwa mkali, ulinikata kidoleni. Jibu langu la umeme likafia hapohapo, maana umeme ulikatika joto likipanda. Kitu cha pili ni njia ya ufa. Haukupita moja kwa moja kama wa chombo kilichoanguka. Ulianzia pembeni mwa duara moja la kijani, ukalizunguka kwa umbo la mwezi mchanga, ukarukia la pili, ukalizunguka nalo. Ufa ulikuwa unayakwepa maduara.

Nikanyamaza. Nilijua nimefanya nini, na aibu ilinipanda mpaka masikioni.

Kioo kikipata joto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila kioo kina kipimo chake cha kunywea, kulingana na kiasi cha mchanga, magadi na chokaa alichotia mwenye kiwanda. Sahani ya sentimita 38 ikishuka kutoka nyuzi 500 na ushei mpaka joto la sebuleni hunywea karibu milimita moja na nusu. Chupa ya soda na kioo cha dirisha ni ndugu, lakini si pacha. Tofauti yao juu ya kipande cha upana wa vidole vitatu haifikii hata unene wa unywele. Kidani hakijali tofauti hiyo, maana ni kidogo. Sahani yenye maduara saba inaijali. Yanaganda yakiwa yameshikana, kila mmoja anamvuta mwenzake, na wanaendelea kuvutana kimyakimya kabatini, siku moja, siku tatu, mpaka usiku mmoja, mmoja wao anashindwa. Ndiyo maana kuna viwanda vinavyotengeneza vioo vya rangi kwa kazi hii tu, vilivyopimwa vipatane, kama Bullseye cha Portland, Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1974. Bei yake na nauli ya kuvifikisha Tanga tuyaache.

Sasa ukamweleze shangazi hayo, mbele ya jirani mwenye msahafu. Nilijaribu. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza daktari kijana, kisha akasema, "Mwanangu, unajibebesha lawama ili kuficha watu."

Nikapanda tena baiskeli. Nyumbani nilichukua kompyuta yangu ya mkononi. Kwa mtoto wa jirani anayevua na wenye boti nikaazima miwani ya jua, ile ya polaraidi wanayovaa ili kuukata mng'ao wa maji wamwone samaki. Nikarudi. Nikawasha kompyuta, nikafungua ukurasa mweupe mtupu, nikamwomba shangazi avae miwani. Akakataa mbele za watu, nikamwomba tena, akavaa. Mwanga wa kioo cha kompyuta ya aina hiyo tayari umepangwa upande mmoja, na miwani hupitisha mwanga wa upande mmoja, kwa hiyo ukiinamisha kichwa pole pole unafika mahali ukurasa mweupe unakuwa mweusi ti. Alipofika hapo akashtuka, akashika mkono wangu.

"Usitingishike, shangazi. Hapohapo."

Nikashika kipande kikubwa cha sahani, chenye duara moja zima, nikakiweka kati yake na kompyuta. Kioo kilichotulia hakionyeshi kitu, kinabaki kwenye giza. Chenye kuvutana kinapindisha mwanga, na pale penye mvutano panawaka. Nami sikuhitaji miwani kujua anachokiona: duara la kijani, na kulizunguka pete ya mwanga mweupe ndani ya giza.

Shangazi alitazama muda mrefu. Kisha akavua miwani, akamgeukia jirani yake.

"Si nilisema? Hili hapa jicho lenyewe. Na mboni yake ya kijani."

Wakapokezana miwani wote watano. Hakuna aliyebisha kwamba ni jicho. Lakini jicho sasa lilikuwa ndani ya sahani, na aliyelitia ni mimi, na mimi ni mtoto wa nyumba hiyo; nikasamehewa kabla chai haijapoa. Hesabu ya wageni ikaishia hapo.

Ilibaki siku moja na nusu. Moto wa mara mbili usingewahi, basi nikanunua kipande kimoja cha milimita 6, nikakikata duara, nikasugua ukingo kwa msasa wa maji mpaka mkono ukafa ganzi, nikakiweka juu ya kalibu bila rangi yoyote. Ijumaa hiyo alasiri nikawasha. Safari hii sikufanya ubahili wakati wa kushusha: nilikituliza saa nzima kwenye nyuzi 550, kisha 60 kwa saa mpaka nyuzi 370, ndipo nikazima. Niliufungua mfuniko Jumamosi jioni, ukutani mkiwa na uvuguvugu tu. Ilikuwa sahani tupu, ya maji, isipokuwa ukijani mdogo ule wa ukingoni ambao kioo cha dirisha huupata kwa chuma kilichomo kwenye mchanga.

Shangazi hakuigusa. "Lete kwanza kompyuta," akasema. Akajivika miwani mwenyewe, akainamisha kichwa mpaka akaipata ile giza, akaniamuru niizungushe sahani polepole, robo kwa robo, kama mtu anayechagua papai sokoni.

"Hamna," akasema hatimaye.

Kisha akaagiza chetezo kiletwe, akatia ubani, akaishika sahani kwa mikono miwili kuipitisha juu ya moshi. Nikamwomba asiishushe sana karibu na makaa.