Chozi hakimbizwi: tafuta ua la mgomba

Anayemfuata kwa kamera chozi, yule ndege mdogo anyonyaye maua, mti hadi mti hurudi na picha za majani. Tafuta ua kwanza, ukae, ndege atakuja mwenyewe.

Kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya Wachagga, vya Marangu, Machame na Kibosho huko Kilimanjaro ua hilo ni la mgomba. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, kisha tafuta mkungu ambao ua lake bado linaning'inia usawa wa macho, maana wakulima wengi hulikata mapema. Gamba la zambarau likijikunja juu, huacha wazi safu ya vijiua vyenye mbochi, yale maji matamu ya ua. Chozi hudandia hapohapo, mara nyingi kichwa chini, na kuchovya ulimi. Gamba jipya hufunguka karibu kila siku, kwa hiyo ua la leo lafaa hata kesho.

Kaa mita nne au tano, jua likiwa mgongoni. Hili ndilo kubwa kuliko yote. Mng'ao wa dume si rangi ya kawaida bali ni mwanga unaorudishwa na umbo la unyoya. Jua likiwa nyuma yake utapata ndege mweusi tu, na hakuna programu ya kompyuta itakayourudisha mng'ao huo. Fika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kufikia saa nne jua liko juu mno na kivuli cha jani hukata kichwa.

Lenzi ya milimita 400 inatosha. Anza na shata, yaani kasi ya kilango cha kamera, ya 1/1000 ya sekunde, uipandishe hadi 1/2000 akianza kupigapiga mabawa mbele ya ua. Uwazi wa lenzi uwe f/5.6 au f/6.3, na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ya kujipanga yenyewe isizidi 3200. Tumia nukta moja ya kulenga, uiweke jichoni. Ukiiachia kamera ichague, italenga gamba. Mbingu nyeupe ikiwa nyuma, ongeza mwanga kwa hatua moja.

Ukiamua kuzunguka Ziwa Duluti, pale Tengeru karibu na Arusha, hesabu kivuli cha msitu: shata itabidi ishuke hadi 1/500, basi piga ndege aliyetulia tu.

Ukimwona chozi ameshika buibui mdomoni na hammezi, ana makinda karibu. Shusha kamera, rudi nyuma taratibu hadi aende zake. Akikuogopa hatakwenda kiotani, na makinda wanangoja.