Machenza matamu mguuni pa Meru: nilivyochagua mti, nilivyopanda, ninavyovuna

Chenza likiwa na ganda la kijani, wanunuzi wengi wa Arusha hulipita. Mengi yanayouzwa soko la Tengeru siku za Jumatano na Jumamosi hupandishwa na malori kutoka Muheza, na joto la kule Tanga, mchana na usiku, haliruhusu ganda ligeuke rangi hata tunda likiwa limeiva ndani. Rangi ya chungwa huletwa na usiku wa baridi. Kwa hiyo unaponunua, acha rangi, pima uzito mkononi. Chenza zito kwa umbo lake lina maji. Lililojaa hewa, ganda likibonyea mbali na nyama, limekaa sana na ndani ni makapi. Lililo kubwa kuliko yote kwenye fungu mimi silichagui.

Nayasema haya kwa sababu nilianza kama mnunuzi, tena mnunuzi msumbufu. Akina mama wa sokoni walinizoea: "Mama Neema, leo usiniulize, onja tu." Na nilionja kweli. Nilichokitafuta kilikuwa chenza la kumenyeka kwa vidole bila kisu, lenye mbegu chache au lisilo na mbegu kabisa, na utamu wenye ukali kidogo nyuma yake, kwa kuwa utamu mtupu bila ukali hukinaisha upesi. Nilikuwa nikilipata mara mojamoja, na kila mara muuzaji hakujua limetoka mti gani. Hapo nikaamua nipande yangu.

Shamba letu liko Nkoaranga, juu ya Tengeru, migomba na kahawa, na mfereji unaopita kwa zamu. Dada yangu anayeishi Marekani aliposikia, akanipigia kunisimulia chenza la Kijapani linaloitwa Dekopon, ambalo kule kwao linauzwa kwa jina la Sumo. Ni kubwa, lina kifundo kilichochomoza kwenye kikonyo, halina mbegu, na ni ghali. Asili yake ni uzalishaji uliofanyika mwaka 1972 huko Nagasaki, kwa kuchanganya aina mbili, Kiyomi na Ponkan. Dada akasema, "Mdogo wangu, nikutumie vijiti vyake kwenye bahasha ubebeshe."

Nilimkatalia, na ningemkatalia hata leo. Kijiti cha kubebeshea, yaani cha kuungwa juu ya shina la mti mwingine, kinaweza kuonekana kizima kabisa huku kimebeba ugonjwa usio na dawa, na ugonjwa huo hauishii kwako, unahamia kwa jirani na kwa jirani wa jirani. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, makao yake yapo hapahapa kwetu, Ngaramtoni. Nilikwenda nikauliza, nikaelezwa vizuri: mmea au sehemu ya mmea kutoka nje huhitaji kibali cha kuingiza kabla haujaondoka huko, na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi unakotoka. Bahasha ya dada haina hata kimoja.

Hata hivyo habari ya Dekopon ilinifaa kwa njia nyingine. Wajapani hawaliiti tunda Dekopon kwa sababu tu limetoka kwenye mti huo. Lazima utamu wake ufike 13 kwa Brix, yaani kipimo cha sukari iliyomo kwenye maji ya tunda, na asidi yake isizidi asilimia 1. Tena wakishavuna hulihifadhi wiki kadhaa ili ukali upungue ndipo wauze. Maana yake jina la mti halitoshi; tunda lenyewe ndilo linalopimwa. Nikanunua refraktomita, kile kipimo cha mkononi unachodondoshea tone la maji ya tunda na kutazama kwenye mwanga, nikaanza kuzunguka kutafuta michenza iliyopo tayari katika vijiji vyetu.

Miti mizuri ilikuwepo. Mingi ni ya zamani, nyuma ya nyumba, mwenyewe hajui aina yake. Babu mmoja wa Akheri alinifundisha jambo ambalo sijaliona limeandikwa kwenye kipeperushi chochote cha kilimo. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu, nikanyoosha mkono kuchuma tunda la chini.

"Hapana, mwanangu. Hilo limelelewa kivulini. Onja la juu, upande wa jua, halafu onja na la ndani. Ukiyaona yote mawili matamu, mti huo ni mtamu. Ukiona la juu tu, jua ndilo tamu."

Nilipima. Kweli, kwenye mti uleule, tunda la nje lililopigwa na jua lilizidi la ndani waziwazi. Tangu hapo kila mti niliupima pande zote, na niliurudia msimu uliofuata kuona kama utamu ule ulikuwa wa mti au wa mwaka mmoja wenye mvua kidogo. Mti wa babu ulishika kipimo misimu yote. Ndio niliouomba vijiti vya kubebeshea.

Wapo wanaoniuliza kwa nini sikupanda mbegu tu. Michenza mingi mbegu yake hutoa mche unaofanana na mama, hilo ni kweli, maana ndani ya mbegu moja huota vichipukizi kadhaa na vingi vinatokana na mama peke yake. Lakini zipo aina zisizofanya hivyo, klementina ikiwa mojawapo, na mche wa mbegu utakusubirisha miaka mingi, umejaa miiba, kabla haujatoa ua. Uliobebeshwa huanza kuonyesha matunda mwaka wa tatu hivi.

Mche unabebeshwa juu ya nini? Hili wanunuzi wengi hawaliulizi kitaluni, nami naliona ndilo swali la kwanza. Sehemu kubwa ya miche ya huku inasimama juu ya limau lenye ganda la manundu. Shina hilo lina nguvu, linakua haraka, linavumilia ukame. Ila linavuta maji mengi, na tunda hupoa utamu. Shina la Cleopatra, ambayo ni jamii ya michenza yenye matunda madogo makali, linachelewa kuzaa lakini tunda lake huwa na utamu zaidi. Mtu wa kitalu aliyenibebeshea alinitengenezea aina zote mbili, na leo ninaziona bega kwa bega: za limau zimekuwa miti mikubwa, za Cleopatra bado fupi, na matunda ya Cleopatra ndiyo yanayoisha kwanza nyumbani.

Ukienda kununua mche, tazama palipoungwa. Pawe juu ya udongo angalau shubiri moja, kwa sababu ukungu wa udongoni unaoozesha gome na kutoa gundi huanza pale gome linapogusana na unyevu. Mizizi isiwe imejizungusha chini ya mfuko. Na muulize muuzaji: mti mama uko wapi? Akikuonyesha, onja. Asipojua, pita.

Kupanda kwenyewe hakuna siri. Shimo la sentimita 60 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza vizuri, nafasi ya mita 5 kati ya mti na mti, panda masika yanapoanza. Matandazo weka, lakini yasiguse shina. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likate mara moja, kwani hilo ni limau linataka kurudi kuwa limau.

Sasa nije kwenye maji, na hapa ndipo ninapotaka msomaji wangu atulie, kwani kwa miti ileile maji yanaweza kukupa chenza la kuuza au chenza la kuomba radhi.

Mchenza wa nchi zetu hauna kipupwe cha theluji cha kuuambia utoe maua. Unasubiri kiu. Ukikaa wiki kadhaa bila maji halafu ukanyeshewa, hulipuka maua. Kwetu kuna nafasi mbili: baada ya ukavu wa Januari na Februari, masika yanapoingia, na baada ya ukavu wa Agosti hadi Oktoba, vuli zinapoingia. Ua la masika linaleta tunda linaloiva mwisho wa mwaka, kwenye joto na mvua za vuli. Maji yanajaa kwenye tunda, utamu unazimuliwa, ganda linabaki kijani. Ua la vuli linaleta tunda linaloiva Juni hadi Agosti, wakati Meru imefunikwa na mawingu, usiku wa baridi na mvua zimekwisha. Tunda hilo hupata rangi, hupata utamu, na ukali kidogo unabaki.

Kwa hiyo zamu yangu ya mfereji kuanzia mwisho wa Agosti hadi Oktoba naiachia migomba. Michenza inanyauka kidogo mchana, inanyooka usiku, mimi navumilia. Januari na Februari nafanya kinyume: namwagilia kwa ukamilifu ili miti isione kiu, isitoe maua mengi ya masika, na matunda machanga ya vuli yasidondoke. Jirani zangu mwanzoni walidhani nimechanganya kalenda. Kinachoangaliwa ni mti wenyewe: majani yakijikunja asubuhi na mapema, kabla ya jua, kiu imezidi, mpe maji. Mti mchanga usiutese hivi; usubiri uwe na nguvu.

Magonjwa sasa. Milimani kwetu adui mkubwa ni HLB, ugonjwa wa bakteria wa jamii ya machungwa na machenza, wa aina ya Afrika, unaopenda baridi. Unaenezwa na mdudu mdogo afananaye na kidukari, kwa jina la kitaalamu Trioza erytreae, na ukigeuza jani changa utaona vishimo vidogo alivyokaa watoto wake, huku upande wa juu pana vinundu. Mti uliougua majani yake hupata madoa ya njano, matunda hukua yamepinda upande mmoja, machungu, mbegu zimesinyaa. Hakuna dawa ya kuuponya. Unang'olewa.

Ila usikimbilie panga kwa kila jani la njano. Upungufu wa zinki nao hutia njano kati ya mishipa ya jani, na ni wa kawaida sana. Ninavyotofautisha: likunje jani katikati kwenye mshipa mkuu. Njano ya zinki inalingana pande zote mbili. Ya ugonjwa hailingani, upande huu ina doa pale, upande ule kwingine. Zinki hutibika kwa kupulizia majani machanga. Mti wangu mmoja ulikuwa na njano isiyolingana na matunda yaliyopinda, nikaung'oa na kuuchoma wiki ileile. Uliniuma, ulikuwa wa Cleopatra.

Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege, watoto wa kipepeo mkubwa mweusi na njano, nawaokota kwa mkono kwenye miti michanga. Inzi wa matunda tunawashughulikia kwa mitego, na kila tunda lililodondoka linafukiwa au linafungiwa kwenye mfuko mweusi juani, lisibaki chini hata siku moja.

Kuhusu mbegu: mti wa babu kule Akheri ulikuwa karibu hauna mbegu, wangu ukatoa tunda lenye mbegu tatu nne. Sababu ni nyuki. Baadhi ya michenza haizai mbegu kwa chavua yake yenyewe, lakini chavua ya mlimau au mchenza wa aina nyingine ikiletwa, mbegu zinaingia. Babu hana mlimau karibu, mimi nimezungukwa nayo. Nyuki siwafukuzi, parachichi zangu zinawategemea. Miche mipya nimeihamishia upande wa juu, mbali na milimau, na matunda yake ya kwanza yamekuwa na mbegu chache zaidi.

Kuvuna, kumbuka chenza si ndizi. Halivundikwi. Likichumwa kali, ukali unaweza kupungua kidogo likikaa, ila sukari haiongezeki tena. Napima matunda machache ya nje na ya ndani, yakifika 12 za Brix naanza. Nakata kwa mkasi, kikonyo kibaki kifupi. Ukivuta kwa mkono ganda lake jepesi linachanika pale juu, na siku ya pili pameoza. Sivuni asubuhi ganda likiwa na umande.

Sokoni nawapelekea wale wale akina mama walionivumilia kuonja. Wanayauza kwa kuhesabu, si kwa fungu, na wao ndio walioniambia nipeleke ya ukubwa wa wastani kwa sababu mzazi hununua moja moja kwa kila mtoto. Ili nipate ukubwa huo nalazimika kupunguza matunda yakiwa saizi ya karanga, hasa mwaka mti unapobeba kupita kiasi, maana usipoupunguzia mwaka huu, mwakani utapumzika kabisa. Vuli zilizopita zilileta maua mengi sana. Wiki hii tunapunguza, mimi na binti yangu Neema, tawi kwa tawi, na kwenye miti ya Cleopatra tumeacha matunda matano kwa kila tawi refu.